Barua kwa Mwanangu: Kabla Hamjahamia Texas

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu na dua njema kwako, kwa mume wako na kwa mjukuu wangu, nimeona heri nikuandikie, kwani kila tunapolizungumza mezani jambo hili la ninyi kuondoka hapa California kwenda Texas baba yako hupandisha sauti, mume wako hutoa simu atuonyeshe picha za nyumba za Dallas, nami huishia kumimina chai bila kusema nililokusudia. Hesabu uliyonitumia, ya kulinganisha maisha ya hapa na ya huko, nimeisoma mstari kwa mstari, na tarakimu zako sina ugomvi nazo. Nisichokubaliana nacho ni kwamba umeihesabu nyumba karibu peke yake.

Nyumba ya kawaida ya California, wala si ya kitajiri, ilivuka dola 900,000 mwaka 2024. Ukilipa asilimia 20 papo hapo, yaani dola 180,000, utabaki na mkopo wa dola 720,000, na kwa riba ya, tuseme, asilimia 7 kwa miaka 30 utakuwa ukilipa karibu dola 4,800 kila mwezi, bado kodi ya jengo na bima. Kwa masharti hayo hayo, nyumba ya dola 350,000 huko Texas haifikishi dola 1,900. Ningekuwa na umri wako, nami ningezikodolea macho picha hizo usiku kucha. Tena hali haielekei kulegea upesi, kwa sababu waliokopa mwaka 2021, riba ilipokuwa chini ya asilimia 3, hawana haja ya kuuza na kwenda kuchukua mkopo mpya wenye riba kubwa zaidi, kwa hiyo nyumba zinazoingia sokoni ni chache na wanaozigombea ni wengi.

Mume wako huuliza kwa nini jimbo tajiri namna hii linashindwa kujenga. Halijashindwa, limezuia. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ardhi ya miji yake ilitengwa kwa nyumba ya familia moja tu, na kila mradi wa kuongeza nyumba umekuwa ukipitia vikao, ada na mapingamizi ya majirani. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022 ndiyo iliyoruhusu viwanja vingi vya namna hiyo kujengwa nyumba mbili, na bado ujenzi unakwenda kwa kusuasua. Juu ya hayo kuna sheria ya mwaka 1978 inayoitwa Proposition 13, ambayo imeweka kodi ya msingi ya jengo kuwa asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mtu aliyenunua kwa dola 120,000 mwaka 1985 leo anatozwa kana kwamba nyumba yake ina thamani ya kama dola 265,000, ilhali jirani yake aliyehamia mwaka jana, katika mtaa huo huo na nyumba ya ramani hiyo hiyo, anatozwa kwa dola 900,000. Mimi na baba yako tuko upande wa wanaonufaika, kwa hiyo usinichukulie kama hakimu asiye na upande. Ninaona wazi kwamba kizazi chetu kimefunga mlango nyuma yake.

Lakini Texas nayo ina mlango wake. Ni kweli hakuna kodi ya mapato ya jimbo, na mume wako hupenda kuitaja ile asilimia 13.3 ya California, ingawa kiwango hicho huwahusu wenye mapato yanayozidi dola milioni moja kwa mwaka, na sijui ni lini wewe na yeye mlijiunga nao. Jimbo lisilotoza mshahara hutoza nyumba. Kodi ya jengo ikiwa asilimia 1.8, ile nyumba ya dola 350,000 itadaiwa dola 6,300 kila mwaka, na hata kwa nyumba unayoishi mwenyewe thamani inayotozwa inaweza kupandishwa hadi asilimia 10 kwa mwaka mmoja. Bima ya nyumba huko ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi Marekani, kwa sababu ya vimbunga na mvua ya mawe inayotoboa mapaa. Usidhani nasahau moto wa kwetu. Tuliona sote yaliyoupata mji wa Altadena, karibu na Los Angeles, Januari 2025. Nasema tu kwamba hatari iko kote, na Februari 2021, baridi ilipozima umeme wa Texas, walikufa watu zaidi ya 200.

Sasa nije kwenye kazi yako ya uuguzi, ambayo katika hesabu yako imepewa mstari mmoja tu wa mshahara. California ndiyo jimbo la kwanza lililoweka kisheria idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi katika hospitali: sheria ilipitishwa mwaka 1999, ikaanza kutekelezwa mwaka 2004, na ndiyo sababu katika wodi ya kawaida hupewi zaidi ya wagonjwa watano, na katika chumba cha mahututi hawazidi wawili. Texas haina kiwango kama hicho kisheria. Hospitali hupanga yenyewe. Wewe mwenyewe umenisimulia usiku ambao watano walikuwa wengi: mmoja anataka kushuka kitandani wakati amekatazwa, wa pili sukari yake imeshuka, wa tatu dripu imetoka mkononi na kengele inalia, na huku daktari yuko kwenye simu akingoja majibu ya damu ya wa nne. Waongeze wawili zaidi, kisha uniambie chumba cha wageni kinakusaidia nini ukirudi nyumbani asubuhi. Wastani wa mshahara wa muuguzi aliyesajiliwa hapa unapita dola 130,000 kwa mwaka, na huko haufiki 100,000. Tena umesema mnataka mtoto wa pili. California ina likizo ya uzazi inayolipwa kupitia mfuko wa jimbo tangu mwaka 2004, ambayo sasa ni hadi wiki 8 za kukaa na mtoto, mbali na malipo ya mama anayejifungua. Kule utategemea huruma ya mwajiri.

Kuna pendekezo la tatu, la kununua nyumba Tracy au Mountain House, miji iliyo ng'ambo ya milima ya Altamont, na kuendelea kufanya kazi huku, na hilo mwanangu nalipinga moja kwa moja. Najua nyumba ni kubwa na bei ina unafuu. Najua pia zamu yako ya mchana inaanza saa moja asubuhi na kwisha saa moja usiku, na kwamba barabara ya 580 pale Altamont hujaa magari kabla ya alfajiri. Weka saa moja na nusu kwenda na kama hiyo kurudi juu ya saa kumi na mbili za zamu, na siku yako inakuwa ya saa kumi na tano. Mtoto utamwacha amelala na kumkuta amelala. Mtu aliyekesha wodini kisha akashika usukani mlimani si mtu ninayetaka kumsubiri. Kama ni lazima mwondoke, afadhali Texas yenyewe, ambako angalau mtakuwa karibu na kazi zenu, na Waswahili hawakosekani, kwani Dallas na Fort Worth zina Wakenya wengi na Wakongo wanaozungumza Kiswahili chao.

Ninalopendelea mimi na baba yako ni hili. Kiwanja chetu hapa Hayward kina nafasi nyuma, na sheria za jimbo sasa zinaruhusu kijumba cha uani chenye jiko na mlango wake, na maombi yakikamilika halmashauri ya mji inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 60. Hakitakuwa cha bei rahisi, hapa Bay Area, yaani San Francisco na miji inayoizunguka, kwa kawaida kijumba hicho hupita dola laki mbili. Lakini kitakachoongezwa kwenye kodi ya jengo ni thamani ya kijumba pekee, nyumba yetu haitapimwa upya. Tutakaa huko wazee wawili, nanyi mtachukua nyumba kubwa, kila mtu na mlango wake, kama ilivyokuwa uani kwa bibi yako Majengo, ambako watu waligombana asubuhi na kula pamoja mchana. Liko na jambo jingine ambalo baba yako hapendi nilitaje: tangu Februari 2021, mtoto anayerithi nyumba hubaki na kodi ya mzazi, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka, endapo tu ataifanya makazi yake mwenyewe. Ukiwa Texas siku hiyo, nyumba itapimwa kwa bei ya soko, na nina hakika mtaiuza.

Ikiwa baada ya haya yote bado moyo wenu uko Dallas, nendeni na radhi zetu, ila mfanye mambo kwa utaratibu. Leseni yako ya California usiiache ife. Jimbo hili halimo katika mkataba wa leseni za pamoja ambao Texas imo, kwa hiyo ilipie kila baada ya miaka miwili na utimize saa 30 za masomo. Pangisheni kwanza mwaka mmoja, mkiwemo Julai na Agosti, miezi ya joto kali huko, kabla ya kununua chochote. Na kabla hujatia saini kazi yoyote, waulize kwa maandishi muuguzi wa zamu ya usiku hupewa wagonjwa wangapi, kisha unitumie jibu lao, nami nitaliweka kwenye hesabu yako chini ya ule mstari wa mshahara.

Akupendaye,
Mama