Bunduki ya pampu ya geji 20 kwa walinzi wetu, risasi mtanunua wapi?

Mhariri, naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikera. Siku hizi ukikaa na wenye makampuni ya ulinzi, au wakulima wenye leseni, hukosi mmoja anayesema sasa anataka pampu (bunduki ya kuvuta nyuma na kurudisha kwa mkono kila ukifyatua) ya geji 20 aachane na 12, eti 12 inapiga teke, walinzi wa kike wanalalamika mabega. Sikatai, inapiga. Ila jamani hapa ni Tanzania, nenda kwanza duka la silaha uulizie risasi za 20 alafu ndo urudi tuongee. Ukizikuta leo mwezi ujao zimeisha, na leseni yako ni ya bunduki hiyo hiyo, huwezi kusema basi nipe za 12 nitabana bana.

Kwa wasiojua hizi namba, chukua pauni moja ya madini ya risasi, kama gramu 454 hivi, itengenezee goroli 12 zinazolingana, upana wa goroli moja ndo upana wa mtutu wa geji 12, milimita 18.5 kama sikosei sana. Ukitoa goroli 20 kwenye pauni ile ile zinakuwa ndogo, mtutu unakuwa milimita 15.6. Ndo mana namba ikipanda mtutu unapungua, na watu kibao wanadhani kinyume chake.

Sasa hilo teke. Teke haliletwi na geji peke yake, linaletwa na uzito wa marisawa (vile vipunje vya ndani ya risasi) yanayotoka, kasi yake, na uzito wa bunduki yenyewe. Wale wanaolenga visahani kwenye Olimpiki wanatumia geji 12 na marisawa ya gramu 24 tu, wanafyatua siku nzima na wanawake wamo tena wanashinda medali. Gramu 24 ni mzigo wa kawaida kabisa wa geji 20! Alafu pampu nyingi za 20 zinatengenezwa nyepesi, ukiipa mzigo mzito inakurudia begani vile vile, kwa hiyo unakuwa umehama geji na teke umelibeba.

Kinachowaumiza wale mabinti mara nyingi ni kitako, ile sehemu ya nyuma ya bunduki inayoegemea begani. Bunduki imekuja na kitako kirefu, binti ni mfupi, hakimfikii begani vizuri, anakiegemeza pale juu ya mkono, akifyatua lazima avimbe. Fundi wa silaha anayetambulika akikipunguza kidogo na kuweka mpira nyuma malalamiko nusu yanaisha, na hiyo ni gharama ndogo kuliko kununua bunduki mpya.

Lakini kinachonitisha zaidi ni kampuni kuwa na 12 na 20 ghala moja. Hapa naomba wahusika wasome taratibu. Risasi ya geji 20 ukiitumbukiza kwenye mtutu wa 12 haibaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na wala haianguki ikatoka mbele, inateleza inakwama mbele kidogo ya chemba. Mlinzi anavuta triga, kimya, anafungua anaangalia chemba anaona tupu, anadhani hakuweka kitu, anaingiza ya 12 nyuma yake anafyatua. Mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto ulipo. Ndo sababu viwanda vinatengeneza risasi za 20 kwa rangi ya njano ili mtu ashtuke, sasa niambie saa nane usiku, tochi imeisha chaji, njano utaionea wapi?

Na anayesema 20 ni imara zaidi naye sijui kapata wapi. Remington 870 ilitoka 1950, Mossberg 500 ikaja 1961, zote mbili zipo za 12 na za 20 na mtambo unafanya kazi namna ile ile. Pampu inakwama zaidi kwa mkono wa mtu, anavuta nusu kwa woga, ganda halitoki lote, risasi mpya inakuja inakutana nalo, basi hapo ni kuhangaika. Vuta mpaka mwisho kwa nguvu, rudisha mpaka mwisho. Hilo linataka mazoezi ya kufyatua kweli kweli, na utafanyaje mazoezi wakati risasi zenyewe za 20 madukani ni za kutafuta kwa shida?

Shemeji yangu yuko Marekani ana pampu ya 20 anaisifia mpaka anachosha. Sawa, kule risasi anazikuta duka la vifaa vya michezo pamoja na viatu, mimi ningekuwa kule pengine ningenunua hiyo hiyo, nzuri tu kwa mtu wa mwili mdogo.

Mwisho kwa mliokwisha kuwa na 12, angalieni maandishi ubavuni mwa mtutu, kuna za chemba yenye urefu wa milimita 70 na za 76, na risasi nazo ni hivyo hivyo. Risasi ya 76 inaweza kuingia kwenye chemba ya 70 bila kukwama mana kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa, ila ni hatari, ikifyatuliwa mdomo unakosa nafasi ya kufunguka na presha inapanda vibaya. Muuza duka asiposema muulizeni, na wenye makampuni bandikeni hicho kipimo mlangoni mwa ghala.

Mlinzi mstaafu,
Morogoro