Sindano ya mgongo bila mazoezi ni nusu ya tiba

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mgonjwa akitoka kwenye MRI na majibu kwamba pingili zimesagika, swali lake la kwanza ni bei ya sindano. Swali hilo limewahi mno, na wa kulaumiwa ni sisi madaktari wa maumivu na utengamao (kumrudishia mgonjwa uwezo wa mwili), tulioacha watu waamini kwamba kazi yetu ni kuchoma.

Tuanze na hiyo picha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya vipimo vya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, watu 37 kati ya 100 walionekana na diski, yaani vibao laini vilivyo kati ya pingili, zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80, ni 96. Diski kuchakaa, basi, hakutoshi kumpeleka mtu kwenye sindano. Steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayowekwa nje ya utando wa uti wa mgongo, humfaa zaidi yule ambaye diski imembana mshipa wa fahamu, maumivu yanashuka mpaka chini ya goti, na picha inaonyesha mbano kwenye mshipa uleule anaoulalamikia. Kiuno kinachouma peke yake, bila kushuka mguuni, hupata nafuu ndogo sana kwa sindano hii.

Na si kila mgongo ni wa kusubiri foleni ya sindano. Aliyepungua uzito, anayetoka jasho usiku na kupata homa za jioni apimwe kwanza TB ya pingili, kwa sababu steroidi itaichochea. Anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, au amekufa ganzi sehemu zinazogusa kiti akikaa, huyo ni wa upasuaji wa dharura siku hiyohiyo.

Sindano yenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hulala kifudifudi, mto chini ya tumbo ili pingili zifunguke. Ngozi husafishwa kwa klorheksidini yenye spiriti na kuachwa ikauke, kisha huwekwa ganzi ya lidokeini asilimia 1. Daktari huongoza sindano akitazama mashine ya eksirei iitwayo C-arm, na kabla ya steroidi huingiza mililita 1 au 2 za dawa inayoonekana kwenye eksirei, macho yakiwa kwenye skrini wakati inasambaa. Wanaotaka kupunguza gharama huiruka hatua hii. Tafiti za zamani zilionyesha kwamba bila picha, robo hadi theluthi ya sindano hukosa mahali pake. Kuvuta bomba ili kuona kama damu inarudi hakutoshi: ncha yaweza kuwa ndani ya mshipa wa damu na damu isirudi.

Hapo ndipo aina ya steroidi inapokuwa jambo la kutembea au kupooza. Triamsinoloni na methilprednisoloni zina chembechembe. Zikiingia kwenye ateri inayolisha uti wa mgongo, huiziba. Deksamethasoni ya miligramu 10 haina chembe, na ndiyo ya kuanza nayo sindano inapopitishwa kwenye tundu linalotokea mshipa wa fahamu. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu madhara haya: ni nadra, lakini yakitokea ni mazito. Miaka miwili kabla, methilprednisoloni iliyotengenezwa Massachusetts ikiwa na fangasi iliwaambukiza watu zaidi ya 750 na kuua zaidi ya 60. Kichupa kimoja, mgonjwa mmoja, kilichobaki kimwagwe.

Mgonjwa naye ana ya kusema kabla hajalala kitandani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au klopidogreli, aseme, maana damu ikivujia pale hubana uti wa mgongo. Dawa hizo husitishwa siku 5 hadi 7 kabla, kwa idhini ya daktari aliyeziandika. Mwenye kisukari ajiandae kupima sukari kila siku kwa wiki moja, kwani itapanda. Na anayetumia ARV zenye ritonaviri asifiche hata kidogo. Ritonaviri huzuia ini kuivunja triamsinoloni, hivyo sindano moja hukaa mwilini wiki nyingi, uso ukavimba, sukari na presha zikapanda, na tezi za juu ya figo zikalala. Katika nchi zetu swali hili linapaswa kuulizwa kila mara, faragha, bila ndugu chumbani.

Nafuu huanza kati ya siku ya 2 na ya 7, na hudumu wiki kadhaa, pengine miezi mitatu. Muda huo ndio tulioununua kwa sindano. Wengi huupoteza kwa namna mbili: mmoja anarudi kubeba magunia siku ya tatu kwa kuwa hasikii tena maumivu, mwingine anaendelea kulala akiogopa. Kinachotakiwa ni kutembea dakika 10 mara mbili kwa siku kuanzia siku ya pili, kuongeza dakika 2 kila baada ya siku tatu, na ndani ya wiki ya kwanza kuonana na mtaalamu wa mazoezi tiba kwa wiki 6 hadi 8 za kuimarisha makalio, tumbo na mgongo. Kuna kipimo ambacho mgonjwa anaweza kukitumia mwenyewe: zoezi likisogeza maumivu kutoka mguuni kuelekea kiunoni, aendelee, likiyasukuma chini zaidi mguuni, aache na aseme. Nyumbani, ndoo ya lita 20 iwe mbili za lita 10, moja kila mkono.

Sindano ya pili hutolewa kama ya kwanza ilipunguza angalau nusu ya maumivu. Kifurushi cha sindano tatu kilicholipiwa kabla hata ya ya kwanza hakina msingi wa kitabibu.

Madaktari vijana wanaoitamani kazi hii watazame inavyofundishwa Marekani kwa anayepitia njia ya utengamao. Baada ya shahada ya udaktari kuna mwaka 1 wa mafunzo ya awali hospitalini, miaka 3 ya utengamao, kisha mwaka 1 wa maumivu. Sindano nyingi anazijifunza mwaka huo wa mwisho. Mingine mitatu anajifunza kumrudisha mtu kazini: aliyepata kiharusi, aliyekatwa mguu, aliyevunjika uti wa mgongo.

Kwetu wataalamu wa mazoezi tiba wanafundishwa, KCMC Moshi ikiwa mojawapo, lakini C-arm ndiyo inayopewa bajeti na picha kwenye tangazo. Naziomba hospitali zinazotoa huduma hii zibadili jambo moja. Mgonjwa akipiga simu kuuliza bei, atajiwe bei ya sindano pamoja na mahudhurio 8 ya mazoezi, na tarehe ya hudhurio la kwanza aandikiwe kabla hajachomwa.

Daktari wa maumivu na utengamao,
Arusha