Tumbo la mtoto likikaza, duka la dawa si mahali pake

Mhariri,

Sisi watu wa Kasese, hapa Uganda, tungepaswa kuwa wa mwisho kuichukulia taifodi kimzaha. Kati ya mwisho wa 2007 na Julai 2009 iliwalaza mamia ya watu wilayani kwetu. Waliotoboka utumbo walikuwa 249, waliofariki 47. Vijidudu vyake vilikuwa vimeshazoea dawa kama ampisilini, kloramfenikoli na ile tunayoiita septrini.

Siku hizi ukimpeleka mtoto mwenye homa kliniki ya mtaani, anatolewa damu na baada ya muda mfupi unapewa karatasi: maleria na taifodi. Kipimo hicho cha Widal kikifanywa mara moja tu hakithibitishi kitu, kwani huweza kuonyesha kinga iliyobaki mwilini tangu ugonjwa wa zamani. Lakini hilo tuliache.

Kinachonikera ni mtoto aliyekaa na homa wiki mbili, tatu, kisha tumbo likamshika ghafla, nasi bado tunamnunulia vidonge. Hapo huenda ukuta wa utumbo mdogo, kule mwishoni unapokaribia utumbo mpana, umeliwa hadi ukatoboka, na uchafu unavuja tumboni. Tumbo hukaza kama ubao. Mtoto anatapika, hapitishi upepo, hataki kuguswa. Wengine hulala kimya kabisa kwa sababu kila wakijitikisa wanaumia, na jirani anasema, "Afadhali, leo ametulia."

Tundu hilo halizibwi na vidonge. Dawa za kuua vijidudu lazima apewe, lakini bila upasuaji maisha yake yako hatarini. Na lile bomba la mitishamba, la kuingiziwa njia ya haja kubwa, ambalo bibi zetu hawakosi kulipendekeza (nawaheshimu, ila hapa hapana) linaweza kumzidishia madhara.

Ndugu zetu wa kliniki, mkimtuma mtoto hospitali msiseme tu "mpelekeni mbele". Andikeni homa ilianza lini na amekunywa dawa gani.

Nawe Mhariri, utusaidie kuuliza. Vituo vya afya vya ngazi ya nne viliwekewa mpango wa kuwa na chumba cha upasuaji. Ni vipi wilayani kwetu vyenye daktari, mtu wa nusukaputi na umeme saa nane za usiku? Orodha hiyo ichapwe, mwenye boda boda ajue aelekee wapi.

Mzazi,
Kasese