Matokeo ya Montreal na mazoezi ya leo

Hamjambo wanakikundi wa kuteleza kwa magurudumu. Waliolala usiku, poleni, mmekosa uhondo! Mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu 2024 yamekwisha Montreal, Kanada.

Kwa wanaume, Ilia Malinin wa Marekani, kijana wa miaka 19, alikuwa wa tatu baada ya programu fupi, yaani raundi ya kwanza. Kwenye ile ndefu akaruka mizunguko minne hewani mara sita, ukiwemo ule wa Axel, unaoanza ukitazama mbele, ambao kwa kweli ni minne na nusu. Akatwaa dhahabu kwa jumla ya alama 333.76. Yuma Kagiyama wa Japani akawa wa pili.

Lakini mimi nilimpenda Mfaransa, Adam Siao Him Fa. Alikuwa nambari 19 baada ya programu fupi, akapanda hadi shaba! Tena alipiga ile sarakasi ya kinyumenyume iliyokuwa marufuku wakati huo, akakatwa alama 2. Vijana wetu, msijaribu hapa Kisumu. Lami si barafu, na sina pesa za plasta.

Kwa wanawake, ameshinda Kaori Sakamoto wa Japani tena, mara ya tatu mfululizo.

Na akina mama mnaosema mmezeeka: Deanna Stellato-Dudek wa Kanada, akiwa na miaka 40, ametwaa dhahabu ya wawili wawili na mwenzake Maxime Deschamps. Deanna aliwahi kuacha mchezo kwa miaka 16.

Mazoezi ni leo saa kumi jioni. Kagueni magurudumu kabla ya kutoka nyumbani. Aliyebeba kofia yangu ya kinga, airudishe tafadhali.