Jibini laini ya nyumbani: kwa nini inakuwa chenga chenga

Wateja wanaochukua maziwa kwetu hapa Mwanza ili watengeneze jibini huuliza mambo mawili: mbona maziwa yamegoma kukatika, na mbona yamekatika yakawa chenga ngumu zinazokwaruza ulimi? Mara nyingi tatizo ni moto au ndimu, na yote mawili yana dawa.

Tumia lita 2 za maziwa freshi ya ng'ombe ambayo hayajaenguliwa malai. Yakiwa yameongezwa maji utapata jibini kiduchu, na yaliyotolewa malai hutoa jibini kavu, inayovutika kama mpira. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji usiyapotezee muda: moto mkali wa kiwandani umeshabadilisha protini zake, hivyo mabonge hayashikani vizuri. Na maziwa yaliyokatika yenyewe jikoni kabla hujatia kitu, usiyageuze jibini. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha ndani ya maziwa haiondoki kwa moto.

Chemsha kwa moto wa wastani huku mwiko ukipita chini ya sufuria, maana yakishika kidogo tu jibini yote itanuka moshi. Subiri yachemke kwelikweli. Huku kando ya ziwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maziwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na joto hilo linatosha kabisa kuua vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yakishapanda, epua na uyaache dakika 3.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kamua ndimu upate vijiko vikubwa 4, chuja, kisha changanya na maji kiasi hichohicho. Siki ya kawaida nayo inafaa, kwa kipimo hichohicho. Mimina kidogo kidogo ukizungusha mwiko taratibu, mara mbili tatu tu kila unapomimina. Ukikoroga kwa nguvu, mabonge yanavunjika kabla hayajashikana, na ukirudisha sufuria kwenye moto mkali yanakaza. Hizo ndizo chenga. Acha kumimina mara tu maji yanapojitenga yakawa ya kijani-njano na kuonekana kama kioo. Yakiwa bado meupe, pasha kwa moto mdogo na uongeze kijiko kimoja. Ndimu hazilingani ukali, kwa hiyo yaamini macho kuliko kipimo. Ukizidisha, jibini inakuwa chachu.

Funika dakika 10, kisha mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Ning'iniza dakika 20 kupata jibini laini ya kupaka, au saa nzima ukitaka ya kukata vipande. Usikamue kwa mikono, kwani mafuta yatatoka na maji. Tia chumvi nusu kijiko cha chai. Maziwa mazuri hutoa gramu 300 hivi, zaidi kidogo ukiiacha na unyevu.

Kuhusu lishe, tuseme ukweli. Jibini hii ina protini nyingi, inashibisha, na chumvi unaipima mwenyewe. Sukari ya maziwa huondoka kwa sehemu kubwa na yale maji, hivyo baadhi ya watu ambao maziwa huwajaza gesi huivumilia kidogo. Lakini asidi huyeyusha sehemu ya kalisi, nayo ikaenda na maji. Kwa mifupa, endelea kunywa maziwa na kula dagaa wa ziwa pamoja na mifupa yao. Yale maji usiyamwage. Kandia chapati au pikia uji wa ulezi.

Jibini yenyewe inakwenda vizuri na viazi vitamu vya kuchemsha, au matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa), ikipakwa na pilipili kidogo.

Iweke kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, uile ndani ya siku 3. Nje ya friji, kwa joto letu, isizidi saa 2. Umeme ukikatika usiku kucha, itupe hata kama hainuki. Mama mjamzito aile siku ileile ilipotengenezwa.

Anayetaka maziwa ya jibini atuambie jana yake jioni, tumtengee ya asubuhi kabla hatujayaengua malai.