Tatizo la michezo ya mapenzi ya Kijapani ni tiketi, si mapenzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba michezo ya video ya mapenzi kutoka Japani, ile inayotungwa kwa ajili ya wanawake, inawaharibu mabinti zetu kwa kuwazoesha kupenda vijana wa kuchorwa, na akawataka wazazi wapekue simu za watoto wao na kuifuta mara moja. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na michezo hiyo naicheza. Sina ugomvi na mwenzangu juu ya haja ya mzazi kujua kilichomo kwenye simu ya mwanawe. Ninachopinga ni pale alipoelekeza kidole, kwa maana hatari ninayoiona mimi imo katika namna michezo hii inavyolipisha siku hizi, na mzazi atakayehangaika na busu lililochorwa atapitwa na hatari hiyo mchana kweupe.

Kwa wasioifahamu, mchezo wa aina hii, ambao Wajapani huuita otome, kwa sehemu kubwa ni hadithi ndefu ya kusoma. Mchezaji huingia katika nafasi ya mhusika mkuu, ambaye ni msichana au mwanamke. Maneno hupita chini ya skrini sentensi baada ya sentensi, juu yake huonekana sura ya anayezungumza, na katika michezo mingi sauti ya mwigizaji husikika ikiyatamka kwa Kijapani. Kila baada ya kitambo hadithi husimama na kukuuliza utajibu nini, au utafuatana na nani, au utanyamaza. Majibu yako hujumlishwa kimyakimya, na jumla hiyo ndiyo inayoamua hadithi itaegemea kwa mwanamume gani kati ya watano au sita waliopo, na kama itaisha kwa heri au kwa msiba. Wachezaji wazoefu huhifadhi mahali walipofikia kabla ya kila swali, ili mhusika akifa kwa sababu ya jibu la kijinga waweze kurudi nyuma na kujibu upya. Nawajua wanaolitafuta jibu la kijinga kwa makusudi, kwa sababu miisho ya msiba mara nyingi huandikwa kwa ustadi zaidi kuliko miisho ya harusi.

Mwenzangu ameandika kana kwamba mambo haya yalibuniwa na wanaume ili kuwapumbaza wasichana. Historia haimuungi mkono. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii, Angelique, ulitolewa mwaka 1994 na kampuni ya Koei kwa mtambo wa michezo wa Super Famicom unaounganishwa na televisheni, na uliundwa na kikundi cha wanawake ndani ya kampuni hiyo kilichoitwa Ruby Party. Aliyekisimamia ni Keiko Erikawa, ambaye yeye na mumewe ndio waanzilishi wa Koei tangu mwaka 1978. Kampuni hiyo ilikuwa imejipatia jina kwa michezo ya vita na utawala, ya majemadari wa Japani ya kale na falme tatu za Uchina, na waliokuwa wakiicheza walikuwa wanaume kwa wingi. Bi Erikawa aliona kwamba nusu ya watu wameachwa nje ya mlango, akataka wanawake watunge mchezo wa kuchezwa na wanawake.

Inafaa kuangalia walichokitunga. Katika Angelique, mwanafunzi wa kike anachaguliwa kugombea kiti cha Malkia wa ulimwengu dhidi ya msichana mwenzake, Rosalia, aliyelelewa kwa ajili ya kazi hiyo. Kila mmoja anapewa bara lake alitunze. Wapo Walinzi tisa, wa nuru, wa giza, wa maji, wa moto na kadhalika, na mgombea huwaomba wapeleke nguvu zao barani kwake kulingana na mahitaji ya watu wake. Watu wakistawi, makazi yao husonga mbele hadi kukifikia kisiwa kilicho katikati, na mgombea wa kwanza kufika huko hutawazwa. Walinzi hao ndio wanaume wa hadithi. Mlinzi akikupenda na wewe ukakubali, unajitoa katika mashindano na kiti kinakwenda kwa Rosalia. Ukikataa, unaendelea na kazi yako ya utawala, na unaweza kuumaliza mchezo ukiwa Malkia bila mwanamume yeyote. Kwa hiyo swali ambalo mchezo wa kwanza kabisa ulimwekea msichana wa Kijapani mezani lilikuwa kama atachagua mapenzi au madaraka, na majibu yote mawili yalikubalika. Ningefurahi kuona vitabu vyetu vya hadithi vya shuleni vikimwekea msichana swali la uzito huo.

Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo, ambayo sasa ni Koei Tecmo, ilitoa toleo jipya, Angelique Luminarise, ambamo mgombea ni mfanyakazi wa ofisini mwenye umri wa miaka 25 aliyechoshwa na kazi. Watunzi wanajua vizuri kwamba wasichana wa mwaka 1994 wamekuwa watu wazima na bado wanacheza. Nalitaja hili kwa sababu barua ya mwenzangu inazungumzia watoto tu, kana kwamba sisi wengine hatupo.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni Hakuoki, uliotolewa Japani mwaka 2008 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012. Msichana anayeitwa Chizuru anavaa mavazi ya kiume na kwenda Kyoto kumtafuta baba yake, tabibu aliyetoweka, na huko anaangukia mikononi mwa Shinsengumi, kikosi cha wapiganaji wa panga kilichoundwa mwaka 1863 kuulinda utawala wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Kikosi hicho kilikuwepo kweli, na wanaume wengi wa hadithi hiyo wamepewa majina ya watu waliokuwepo kweli. Okita Soji alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868. Hijikata Toshizo aliuawa vitani Hakodate, kaskazini mwa Japani, mwaka 1869, upande wake ukiwa umekwisha kushindwa. Ndani ya mchezo kuna dawa inayowageuza watu kuwa viumbe wenye kiu ya damu, jambo ambalo bila shaka ni la kubuni, lakini kushindwa kwa shogun hakubadiliki hata uchague jibu gani, na msomaji anayeijua historia anafungua kila sura akiwa na hofu. Chizuru mwenyewe wakati mwingine hunichosha, maana huomba radhi mno na huokolewa mno. Hata hivyo, mwanafunzi anayeweza kusoma kwa saa nyingi namna hiyo, kwa Kiingereza kisichorahisishwa, kuhusu anguko la utawala mmoja wa Asia, hawezi kuambiwa na mwalimu wake kwamba anapoteza muda. Michezo hii kwa Kiswahili sijaiona, kwa hiyo mabinti wa hapa wanaoicheza wote wanaisoma kwa lugha ambayo tunahangaika kuwafundisha darasani.

Sisemi kwamba hadithi zote zinafaa kila umri. Zipo, kama Diabolik Lovers ya mwaka 2012, ambazo wanaume wake ni wanyonya damu wanaomtesa na kumdhalilisha msichana kutoka mwanzo, na mwandishi anataka tuone utamu katika mateso hayo. Hiyo nisingempa binti wa kidato cha pili, na mimi mwenyewe siipendi. Lakini Japani tangu mwaka 2002 kuna chombo kinachopanga michezo kwa umri, CERO, na herufi yake huwekwa kwenye jalada la mchezo: A ni kwa wote, B kuanzia miaka 12, C miaka 15, D miaka 17, na Z kwa wenye miaka 18 na zaidi. Mzazi anayetaka kuchuja ana pa kuanzia, bila kufuta kila kitu.

Sasa nije kwenye fedha. Angelique na Hakuoki zilinunuliwa dukani mara moja, basi, hadithi yote ikawa yako. Simu imebadilisha utaratibu huo. Kampuni ya Voltage ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilijenga biashara yake juu ya hadithi za mapenzi za kusomwa kwenye simu, na katika nyingi ya hadithi hizo sehemu ya kila mwanamume iliuzwa peke yake. Kisha zikaja programu zinazopakuliwa bure, ambazo hukupa tiketi chache za kusoma kila siku; tiketi zikiisha, hadithi inakatika penye utamu, na unatakiwa kuchagua kati ya kusubiri kesho na kulipia sasa hivi. Magazeti yetu ya Kiswahili yamechapa hadithi za mapenzi za mfululizo kwa miaka mingi, nasi tumezoea kukutana na neno "itaendelea" pale ambapo mlango ndiyo kwanza unagongwa. Lakini aliyenunua gazeti na aliyeliazima wote walisubiri toleo lijalo, na hapakuwa na mtu aliyesimama kwenye kibanda cha magazeti akiwauzia wasio na subira ukurasa wa kesho.

Wakorea walikwenda mbali zaidi. Katika Mystic Messenger, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Cheritz, wahusika wanakuandikia kama watu wanaochati nawe kwenye simu, kwa saa halisi, mchana na usiku wa manane. Ukilala, mazungumzo yanakupita, na kuyafungua tena kunagharimu sarafu ya ndani ya mchezo, ambayo inaweza kununuliwa kwa fedha za kweli. Kama ubunifu, nauvulia kofia, lakini mwanafunzi anayetakiwa kuwa darasani asubuhi hana uwezo wa kushindana nao. Baada ya hapo bahati nasibu nayo imeshika nafasi kubwa. Love and Deepspace, mchezo wa kampuni ya Kichina Papergames uliotoka Januari 2024, haukuuzii tukio la mwanamume unayemtaka moja kwa moja. Unalipia kuvuta kadi, na kadi itakayotoka hujui ni ipi mpaka umeshalipa. Japani wanaiita gacha. Wajapani wenyewe waliona mapema kwamba utaratibu huu una makali, na mwaka 2012 wakala wao wa kulinda walaji ulitangaza kwamba aina yake moja, ile iliyomtaka mchezaji akusanye seti nzima ya kadi za bahati ndipo apewe zawadi kubwa, inakiuka sheria. Ubelgiji mwaka 2018 ilienda mbele zaidi na kuyahesabu masanduku ya bahati ya kulipia katika michezo ya video kuwa ni kamari.

Binti mmoja wa jamaa zangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa akicheza mmoja wa michezo ya tiketi kwenye simu ya mama yake, ambayo ilikuwa imeunganishwa na kadi ya benki. Fedha zilikatwa kidogo kidogo, kila mara kiasi ambacho mtu hawezi kukishtukia, mpaka mama alipoketi jioni moja kuzisoma meseji za benki kwa mpangilio. Akaufungua mchezo. Kitu cha kwanza alichokiona ni kijana mwenye nywele za fedha, shati limefunguliwa vifungo vitatu, akiegemea dirisha na kusema kwamba amemngoja usiku kucha. Hasira yote ikamwishia yule kijana wa kuchorwa! Binti alihubiriwa kuhusu heshima, simu ikanyang'anywa, shangazi wakaitwa, na mchezo ukafutwa mbele ya kadamnasi. Kadi ya benki ilibaki imeunganishwa vilevile. Wiki chache baadaye mdogo wake wa kiume akaanza kununua wachezaji wa mpira katika mchezo mwingine kabisa, kwa utaratibu uleule wa kuvuta kadi, na hakuna shangazi aliyeitwa.

Ndiyo maana naona ushauri wa mwenzangu utawafanya wazazi wapambane na picha na kuiacha mashine inayokamua fedha ikiendelea kufanya kazi, tena kwa watoto wa kike na wa kiume sawia. Ningemwomba awaambie wasomaji wake jambo jingine. Mzazi amuulize binti yake anacheza mchezo gani na anapenda nini ndani yake, kisha aulize kama umelipiwa mara moja au unaomba fedha kila siku. Kama unaomba fedha kila siku, aangalie unauza nini: sura inayofuata, muda wa kusubiri, au bahati. Halafu, awe amekasirika au hajakasirika, aiondoe kadi yake kwenye simu anayochezea mtoto, au aingie kwenye mipangilio ya duka la programu na kuweka sharti la nenosiri kwa kila ununuzi, nenosiri ambalo mtoto halijui.

Wako,
Mwalimu na msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga