Barua kwa wazazi mnaobishana kuhusu matunda ya watoto

Wanangu,

Salamu kwenu nyote mnaolea watoto wadogo, na poleni na kazi. Mimi ni bibi, na kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Nimekuwa nikiwasikiliza mkibishana. Kuna wanaosema mtoto aachwe ale matunda kadiri roho yake inavyotaka, maana tunda halina madhara. Kuna na wanaohesabu vipande vya embe kwa hofu ya sukari. Naombeni nami niseme langu, na msinikasirikie.

Nianze na wenye hofu ya sukari, kwa sababu wao hawatanichukua muda. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haifanyi kazi mwilini sawa na ile mnayokoroga kwenye chai. Tunda linatafunwa. Lina maji mengi na nyuzinyuzi, na sukari yake inaingia kwenye damu polepole, tena mtoto anashiba kabla hajala nyingi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015 lilitaka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Sukari ya tunda zima halikuihesabu humo. Lililoihesabu ni sukari ya kuongezwa, ya asali, na ya juisi ya matunda, hata ile mliyoikamua kwa mikono yenu bila kutia chembe ya sukari. Hilo la juisi nitalirudia.

Mwaka 2023 shirika hilohilo likasema mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate walau gramu 250 za mboga na matunda kwa pamoja kila siku, wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400 sawa na mtu mzima. Angalieni neno walau. Mzazi anayemnyang'anya mtoto kipande cha pili cha papai kwa sababu ya sukari, halafu jioni anamtuliza kwa biskuti, huyo kwa kweli simwelewi.

Sasa nyinyi wengine, ambao hasa ndio nimewashikia kalamu.

Maneno niliyoyasikia sana kliniki ni haya: "Nesi, chakula hataki kabisa, ila matunda anakula vizuri, kwa hiyo sina wasiwasi." Mimi ndipo wasiwasi ulipokuwa unanianza. Alikuja mama mmoja na mtoto wa mwaka na nusu hivi, mashavu yamejaa, uzito si mbaya. Mkobani kulikuwa na ndizi mbivu na chupa ya juisi. Mtoto akilia kwenye foleni anamenyewa ndizi, akiikataa anatiwa chupa mdomoni. Zamu yao ilipofika nilikichukua kiganja cha mtoto nikakilaza juu ya kiganja cha mama yake. Cha mama kilikuwa chekundu, cha mtoto kimepauka. Nikavuta kope la chini, ndani peupe. Kipimo cha wekundu wa damu kilipotoka kikaonyesha damu imepungua, mama alishangaa: "Lakini anakula matunda kila siku!" Ndivyo, na matunda yenyewe hayakuwa yamemdhuru. Yalikuwa yamekalia kiti cha yai, cha maharage, cha samaki na cha nyama.

Pigeni hesabu pamoja nami. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takribani gramu 13 za protini na miligramu 7 za madini ya chuma kwa siku. Ndizi moja ya wastani ina protini gramu 1 na kidogo, na chuma chake hakifiki hata nusu miligramu. Kutafuta protini ya siku kwenye ndizi pekee kunataka ndizi kama kumi, na chuma bado kitakuwa mbali. Embe na papai hazina nafuu katika hilo. Vitamini B12 msiitafute kwenye tunda. Mafuta, ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji mno katika miaka miwili ya kwanza, ukiacha parachichi hamtayapata kwenye matunda mliyoyazoea. Na tumbo lenyewe ni dogo. Likishajaa utamu na maji saa nne asubuhi, saa saba mtoto anafunga mdomo mbele ya sahani, mama anasema hapendi chakula, anamenya ndizi nyingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza matunda mengi ni mabaya kwa mtoto, namuuliza: akila hayo, ameacha kula nini? Kama sahani ameimaliza, ana uzito wake na choo chake ni cha kawaida, basi mpeni chungwa la pili na muache kunisumbua.

Chungwa lenyewe lina faida yake mkiliweka mahali pake. Vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani, chuma ambacho kikiwa peke yake kinafyonzwa kidogo sana. Basi tunda liende pamoja na mlo au mara baada ya mlo, badala ya kuutangulia. Wapo wanaowatisha kwamba tunda likiliwa juu ya chakula linaozea tumboni. Tumbo lina asidi kali, halina nafasi ya kuozesha kitu, wapuuzeni.

Juisi sasa. Hapa sina upole. Glasi kubwa ya juisi ya chungwa inataka machungwa matatu hivi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa akatafuna machungwa matatu kwa mkao mmoja, lakini juisi yake ataimaliza kabla hujaketi, na dakika chache baadaye anaomba nyingine. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliandika mwaka 2017 kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa. Wa mwaka 1 hadi 3 isizidi mililita 120 kwa siku, wa miaka 4 hadi 6 isizidi 180, na kuanzia miaka 7 isizidi 240. Hakikusema lazima apewe. Anayetaka kunywa ana maji, na maziwa yapo. Juisi ya kwenye chupa ya kunyonyea, anayolala nayo mtoto mdomoni, ni njia fupi ya kuoza meno ya mbele, na nimeona meno ya watoto wa miaka miwili yaliyobaki vigutu vyeusi. Zabibu kavu na matunda mengine makavu nayo yananata kwenye meno, kwa hiyo yaliwe wakati wa mlo, isiwe kutafunatafuna mchana kutwa.

Halafu kuna kuharisha kusikoeleweka. Mtoto anacheza, anakua, homa hana, vipimo havionyeshi kitu, lakini choo ni chepesi wiki baada ya wiki na ndani yake mnaona vipande vya chakula. Kabla ya kukimbilia dawa, ulizeni juisi. Ya tufaha na ya peasi zina fruktosi (sukari ya matunda) nyingi na sorbitoli (kitu kitamu kinachofanana na sukari), na utumbo wa mtoto mdogo haufyonzi zote, zinabaki na kuvuta maji. Nimewaambia wazazi waikate juisi kwa siku kadhaa, na wengi hawakurudi kulalamika. Mtoto mwenye damu kwenye choo, homa, au anayepungua uzito, huyo ni mwingine, mpelekeni hospitali.

Viganja na nyayo zikigeuka rangi ya chungwa kwa mtoto anayekula papai, embe na karoti kila siku, tazameni weupe wa macho. Ukiwa mweupe safi, ni rangi ya chakula tu, itaondoka mkipunguza. Macho yakiwa ya njano, nendeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Nina jambo moja zito. Muzaffarpur, katika jimbo la Bihar nchini India, kila msimu wa matunda ya lichi watoto walikuwa wakiamka alfajiri na degedege, na wengi wakifa, kwa miaka mingi bila sababu kujulikana. Uchunguzi wa mwaka 2014, uliochapishwa 2017, ulikuta sukari ya damu yao imeshuka vibaya. Lichi, hasa mabichi, yana sumu inayouzuia mwili kutengeneza sukari wakati mtu hajala. Waliokuwa wameshinda wakila lichi na kulala bila chakula cha jioni ndio walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Msianze kuliogopa kila tunda sasa, maana maembe na machungwa hayana sumu hiyo. Nimelitaja kwa ajili ya wale wanaosema, "Jioni hakula, ila alishiba matunda, nikamwacha alale." Mwamsheni ale.

Watoto wenye kisukari au ugonjwa wa figo wasiongozwe na barua yangu, wamfuate daktari wao. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata kijiko cha juisi hapana. Zabibu kwa mtoto chini ya miaka mitano zipasuliwe kwa urefu mara nne, kwa maana ikiwa nzima inaziba koo barabara. Tufaha bichi kwa asiye na magego likunwe au lichemshwe.

Nanyi bibi na babu wenzangu, msijifiche nyuma ya barua hii. Nawajua. Mzazi akigeuka tu, chupa ya juisi inatoka uvunguni, "mwacheni mtoto ajidai kwa babu yake." Mkitaka kumdekeza mjukuu, kaeni naye mmenye chungwa pamoja, mtoe mbegu, mumpe pande moja moja, na iwe baada ya chakula cha mama yake.

Ni mimi, bibi yenu.